Madhabahu Isiyo na Umbo

Wamisionari wa Kijerumani walioingia nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891, Wamoravian wakipanda hadi Rungwe pamoja na Theodor Meyer, na wenzao wa Jumuiya ya Berlin wakijichagulia makao upande wa mashariki kuelekea milima ya Ukinga, walikuja na taswira ya upagani waliyoirithi katika Maandiko: sanamu za miti na mawe, nyumba za miungu, makuhani wenye mavazi rasmi, na madhabahu zinazotiririka damu. Mtu aliyefundishwa kuvunja masanamu hana budi kwanza ayapate. Nao, walipozunguka katika vijiji vya vilimani na baadaye katika uwanda wa ziwa, ambako Wamoravian walifungua kituo cha Ipyana mwaka 1894, waliona nyumba safi, migomba iliyopandwa kwa mpango, ng'ombe wanaopendwa kama watoto, wasione sanamu ya kuvunja. Baadhi yao walikaribia kusema kwamba watu hawa hawana dini. Walakini dini ilikuwapo, tena ilikuwa ndani ya nyumba zile zile walizokaribishwa kuketi, katika moto uliokuwa ukiwapikia chakula, na katika migomba iliyowatilia kivuli.

Ndiyo sababu historia ya ibada za nyumbani katika Ikolo na bonde zima la Kyela ni ngumu kusimulia kwa mtu aliyezoea historia za mahekalu. Madhabahu ya Mnyakyusa haikuwa na umbo. Aliyetaka kuiondoa hakuwa na ukuta wa kubomoa wala kinyago cha kutia moto. Alilazimika kugombana na vitu ambavyo kwa dhahiri havikuwa vya dini kabisa, yaani pombe, ng'ombe, urithi, mke wa pili, na mdomo wa baba mwenye hasira. Na kwa kuwa ugomvi wa namna hiyo hauna siku ya ushindi, umeendelea kwa zaidi ya karne moja.

Ikolo ni sehemu ya uwanda uliolala baina ya vilima vya Rungwe na maji ya Ziwa Nyasa, nchi ya mvua nyingi na joto, ambayo Kiwira, Mbaka na Lufilyo huishukia kutoka milimani na kuirutubisha kwa udongo wa volkano, huku Songwe ikiwa mpaka wa magharibi na ng'ambo yake wakikaa Wangonde wa Malawi, ndugu wa Wanyakyusa kwa asili na lugha. Leo jina la Kyela huwakumbusha wasikilizaji wa Dar es Salaam mchele wenye harufu nzuri, na walio makini zaidi hukumbuka kakao. Zamani lakini heshima ya nchi ilikuwa ndizi na maziwa. Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti aliyeteremka huku mwaka 1879, aliisifia nchi hii kwa maneno ambayo hakuyatumia kwa nchi nyingi, akistaajabia bustani za migomba na unadhifu wa nyumba. Wasafiri wa Kizungu wa zama zile walikuwa na ada ya kuzisifu nchi ambazo serikali zao hazijazitawala bado, nami siwasadiki daima. Ila kuhusu unadhifu huo kila aliyefuata amekiri vivyo hivyo.

Hapa pana jambo ambalo msomaji wa pwani au wa Unyamwezi huenda likamshangaza. Katika makabila mengi ya nchi yetu kijiji ni ukoo: wenye damu moja hukaa pamoja, na mzimu wao una kibanda chake chini ya mti, mbele ya macho ya wote. Wanyakyusa hawakukaa hivyo. Mtoto wa kiume alipofikia umri wa miaka kama kumi alitoka nyumbani kwa baba yake akaenda kujenga pamoja na wavulana wa rika lake, akilala huko ingawa bado alikula jikoni kwa mama yake. Na wavulana wale walikua, wakaoa, wakazeeka katika kijiji kimoja, majirani zao wakiwa rafiki wa utotoni, si ndugu wa baba mmoja. Ndugu wa damu walitawanyika, huyu kijiji hiki na yule kile, wakiunganishwa na ng'ombe waliopeana na misiba waliyohudhuria pamoja. Sasa, ikiwa kijiji si cha ukoo, mizimu ya ukoo itakaa wapi? Haiwezi kukaa katika uwanja wa kijiji, maana humo kila nyumba ina wafu wake. Haikubakiwa na mahali ila ndani ya ua wa kila mtu, jikoni na katika shamba la migomba walimozikwa wazee. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya ibada ya Wanyakyusa kuwa ya nyumbani kiasi kile: mpango wao wa kuishi kwa marika uliisukuma dini ya damu iingie mlangoni na kukaa pembeni mwa mafiga.

Ibada yenyewe ilikuwa nyepesi kwa vifaa na nzito kwa masharti. Mwenye nyumba, jioni, mambo ya mchana yakiisha kutulia, alichota maji kinywani akayapuliza chini, kisha akawataja waliomtangulia, baba na babu na walio nyuma yao, akawaeleza habari: mtoto fulani ana homa, mke fulani hapati mimba, ng'ombe wamepungua. Neema ilipopatikana, au shida ilipozidi, palipikwa pombe ya ulezi, na sehemu ya kwanza ikamwagwa kwa ajili yao katika migomba; na jambo likiwa kubwa alichinjwa ng'ombe, ndugu wakaitwa kutoka vijiji walikotawanyika, kila mmoja akapata fungu lake la nyama kwa kadiri ya daraja yake. Chungu cha kupikia kilifinyangwa na wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kikaletwa kwa mtumbwi. Jembe lililolimia ulezi lilifuliwa na Wakinga wa milimani. Kwa hiyo hata sadaka ya mtu mmoja katika ua wake ilikusanya kazi ya mataifa matatu.

Masharti yalikuwa haya. Si kila mtu aliweza kusema na wafu. Mtu ambaye baba yake yu hai hakuwa na ruhusa ya kuwaendea moja kwa moja. Alipitia kwa baba, na baba alipokufa, kwa mrithi, ambaye mara nyingi alikuwa ndugu wa marehemu kabla ya kuwa mwanawe. Kijana aliyekuwa na wake wawili, shamba na sifa ya ushujaa alikuwa bado, mbele ya mizimu, mtoto asiye na sauti. Sharti la pili lilikuwa la moyo. Waliamini kwamba hasira ya baba, ikinung'unikwa peke yake kando ya moto, husikiwa na wafu waliopo pale pale, nao humwadhibu mtoto kwa ugonjwa hata kama baba mwenyewe hakukusudia. Dawa yake haikuwa kuficha hasira. Ilikuwa kuitoa hadharani: baba aseme waziwazi kilichomuudhi, mtoto akiri kosa, kisha yapulizwe yale maji, na tangu hapo maneno yaishe. Ibada iliyofanywa huku kinyongo kimefungwa moyoni ilihesabiwa kuwa bure, bali yenye hatari. Nimesoma habari za dini nyingi zinazomtaka mwombaji awe safi kwa nguo na kwa mwili. Chache zimeuwekea mkazo mkubwa kiasi hiki usafi wa ugomvi uliokwisha.

Wanawake hawakuwa watazamaji. Jiko lilikuwa mali ya mke, na kila mke alikuwa na lake. Bibi arusi aliingizwa katika ulinzi wa mizimu ya mumewe kwa taratibu ndefu, ilhali akimkimbia baba mkwe wake asionane naye uso kwa uso maisha yake yote, heshima ambayo watu wa huko huihifadhi hata leo kwa namna iliyolegea. Mama aliyezaa mapacha aliogopwa, na nyumba nzima ilitengwa mpaka ifanyiwe dawa na taratibu zake, kwani uzazi ule uliaminiwa kuwa na nguvu iliyopita kiasi.

Mauti ndiyo yaliyodhihirisha maana ya madhabahu hii kuliko jambo jingine. Maiti alizikwa kwake, si katika makaburi ya umma, na jamaa walikaa nyumbani kwa siku nyingi, wakilala juu ya majani ya migomba. Taratibu za siku hizo zilikwenda kwa hatua mbili zinazopingana kwa sura. Kwanza walimfukuza marehemu: walimtoa katika mawazo na ndoto, wakatupa majani, wakaoga, wakanyoa, wakakubali kwa vitendo kwamba yule mwenye mwili ameondoka; na aliyeruka taratibu hizo alihofiwa kupatwa na wazimu. Kisha, akiisha kuondoka kweli, walimkaribisha tena, sasa si kama maiti bali kama mzimu, aje akae na wanawe karibu na moto, akiwatokea katika ndoto njema.  Mnyakyusa alimpeleka nje kwa mlango mmoja ili amrudishe kwa mlango mwingine.

Haifai msomaji adhani kwamba hapakuwa na ibada za nchi nzima. Zilikuwapo: huko Lubaga alikaa Lwembe, kuhani aliyekuwa mfalme, ambaye inasimuliwa kwamba alipougua hakuachwa afe kifo cha kawaida, lakini aliharakishwa, ili rutuba ya nchi isififie pamoja naye, na kwa hiyo cheo hicho kilitafutiwa mrithi kwa shida; na karibu na Ikombe, ukingoni mwa ziwa, palikuwa na pango la Kyala, shujaa ambaye wamisionari walilichukua jina lake wakalifanya jina la Mwenyezi Mungu, likaimbwa makanisani hadi leo. Misitu ya makaburi ya machifu ilistawi bila kukatwa. Lakini hata ibada hizo kubwa ziliingia nyumbani: nchi ilipotakaswa, kila nyumba iliyatoa majivu ya jiko lake na kuyatupa, moto wa zamani ukazimwa, ukawashwa mpya. Kuhani angeweza kuchinja ng'ombe mweusi msituni, ila kazi haikutimia mpaka kila mwanamke amezoa majivu yake.

Wamisionari walipotambua mwishowe kwamba adui hakai hekaluni, waliielekeza sheria yao ndani ya nyumba. Mkristo alikatazwa kuoa wake wengi, akakatazwa pombe, akakatazwa kula nyama ya matambiko na kushiriki taratibu za msiba. Na waliobatizwa aghalabu walijenga karibu na kituo, katika vijiji vyao vya peke yao, mbali na majiko ya baba zao. Haikuwa mara ya kwanza ulimwenguni kwa dini ya Kikristo kulifuata jiko la mtu. Tarehe 8 Novemba 392, kaisari Theodosius wa Roma alitoa amri iliyokataza watu, wakubwa kwa wadogo, kuwaheshimu miungu wa nyumbani hata kwa siri, asiruhusiwe mtu kuwawashia moto, wala kuwamiminia divai, wala kuwafukizia ubani. Na nyumba ambamo ubani umefuka ilipasa kutwaliwa na serikali. Kaisari alikuwa na askari. Mchungaji wa Ipyana hakuwa na kitu ila ushirika mtakatifu, ambao angeweza kumnyima mtu. Na tazama ajabu: kwa kuwa pombe ya mtambikaji na pombe ya mlevi ilikuwa ni ile ile moja, iliyotoka katika chungu kimoja, kanisa lilijikuta likipigana na tambiko na ulevi kwa kanuni moja, na waumini wengi walijifunza kuuona ulevi kuwa ndiyo dhambi, wakasahau kwamba kilichokatazwa hasa kilikuwa matone yale ya kwanza yaliyomwagwa chini.

Vita Kuu ilipolipuka, na majeshi ya Jenerali Northey yakavuka kutoka Nyasaland mwezi wa Mei 1916 na kuitwaa Tukuyu, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na makanisa yakabaki kwa miaka kadhaa mikononi mwa walimu na wazee Waafrika, chini ya uangalizi wa Waskoti wa misheni ya Livingstonia. Haikutokea kama walivyohofu wengine, kwamba watu wote wangerudi katika migomba; makanisa yalisimama. Ila yalisimama yakiwa na sauti mpya, na mwishoni mwa miaka ya 1920 na baada yake Kanisa la Taifa la Kiafrika, lililozaliwa upande wa Nyasaland na kuenea hadi Rungwe, liliwapokea Wakristo wenye wake wengi ambao misheni iliwafungia mlango. Watu hao hawakuwa wapagani, nao wangekasirika kuitwa hivyo. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu anaweza kumwabudu Kyala bila ya kuivunja nyumba yake, na nyumba kwa Mnyakyusa, kama tulivyokwisha kuona, haikuwa mti na nyasi tu.

Katika miaka ya 1934 hadi 1938 Godfrey Wilson, na mkewe Monica aliyejiunga naye mwaka 1935, walikaa miongoni mwa Wanyakyusa, wakisaidiwa na Leonard Mwaisumo, karani mwenyeji, ambaye bila yeye naamini nusu ya waliyoyasikia wasingaliyaelewa. Godfrey alifariki mwaka 1944 kabla ya kuandika kitabu kikubwa alichokusudia; Monica akarudi mwaka 1955 kutazama tena, naye alitoa vitabu mfululizo, cha vijiji vya marika mwaka 1951, cha taratibu za ukoo mwaka 1957, na cha ibada za nchi mwaka 1959. Katika vitabu hivyo Wanyakyusa wamegawanywa mara kwa mara katika makundi mawili, wapagani na Wakristo, na mgawanyo huo ulifaa kwa kazi ya mtafiti. Lakini anayesoma kwa utuvu ataona humo humo Wakristo wanaoota ndoto za baba zao, wanaoshuku kwamba mtoto anaugua kwa sababu ya neno alilonung'unika babu, na wanaotuma ng'ombe wa matanga kwa jamaa wapagani, wenyewe wakijiepusha na nyama yake. Katika nyumba moja paliweza kuwapo yote mawili, mume akishika Biblia na mama yake akipuliza maji.

Ukweli ni kwamba jiko hilo lilitikiswa zaidi na fedha kuliko mahubiri. Machimbo ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini ziliwachukua vijana kwa maelfu, wakarudi na mishahara iliyowanunulia mahari bila ya kumsubiri baba. Na kijana asiyemhitaji baba kwa ng'ombe huanza kujiuliza kama anamhitaji kwa mizimu. Mrithi wa ukoo akawa mgodini, maili mia kadhaa mbali, pombe ikawekwa ikimsubiri. Serikali ya Tanganyika huru iliufuta uchifu mwaka 1963, na pamoja nao ikaondoka sehemu kubwa ya fahari ya ibada za nchi, maana hapakuwa tena na malafyale, yaani chifu, wa kupeleka ng'ombe Lubaga. Ibada za nyumbani hazikufutwa na mtu, kwa kuwa hazikuwa na cheo cha kufutwa. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kumuuliza raia dini yake. Tangu hapo hakuna karani wa serikali anayebisha hodi Ikolo na kumtaka mtu achague baina ya kanisa na migomba, na raha hiyo watu wameitumia vizuri.

Atakayepita leo katika njia za bonde hilo ataona, kando ya nyumba za matofali na bati, makaburi ya saruji, mengine yamepambwa kwa vigae na misalaba, yakiwa chini ya migomba na mikakao. Misalaba hiyo ni ya haki. Walio ndani walikufa wakiwa Wakristo, wakazikwa na mchungaji. Hata hivyo wamezikwa pale pale alipozikwa babu mpagani, hatua chache kutoka jikoni, na mjukuu anayefanya kazi mjini hutakiwa arudi apasafishe. Wazee hawakubaliani juu ya jambo hili: wako wanaosema ni heshima tu, na wako wanaonyamaza.

Ulaya, wakati huo huo, mambo yamekwenda kinyume. Uingereza iliifuta mwaka 1951 sheria yake ya uchawi ya mwaka 1735, na muda mfupi baadaye Gerald Gardner akajitokeza na vitabu vyake; huko Iceland jumuiya ya wafuasi wa miungu ya kale iliundwa mwaka 1972. Watu hao hujiita wapagani kwa fahari, na wengi wao huweka madhabahu chumbani, meza ndogo yenye mshumaa, jiwe, maua na sanamu, kila mtu akichagua apendavyo. Sina neno baya nao. Lakini mzee wa Ikolo akielezwa habari hiyo atauliza kwanza: baba wa huyu mtu yu hai? Maana kwake yeye madhabahu si kitu ambacho mtu hujichagulia. Hupewa na kifo cha aliyemtangulia, pamoja na madeni yake na wajane wake na ugomvi wake usiokwisha.

Na ardhi ya Kyela ni haba, watu ni wengi, kakao ina bei. Barabara hupanuliwa, viwanja hupimwa, na makaburi ya nyumbani hukutwa njiani. Jamhuri yetu ilitunga mwaka 1969 sheria ya kuhamisha makaburi yaliyo katika ardhi inayohitajiwa kwa manufaa ya umma. Sheria hiyo, inapoorodhesha gharama ambazo serikali itawafidia jamaa, haiishii katika kufukua, kusafirisha na kuzika upya. Inataja pia gharama za taratibu za kuwatuliza wafu na kuomba radhi zinazoambatana na kuwahamisha. Kwa hiyo afisa ardhi wa siku hizi, awe Mwislamu au Mmoravian, akifika na kitabu chake cha fidia katika ua wa mtu wa Ikolo, anapaswa kisheria kuuliza bei ya ng'ombe na ya ulezi.